Mama anayenunua kompyuta ya mezani: kioo cha inchi ngapi?



Tangu wanachama wetu kadhaa hapa Bukavu waanze kazi ya sekretariati, yaani kuchapa barua, TFC za wanafunzi, mialiko ya ndoa na ripoti za vikundi, kuna swali linalorudi karibu kila kikao. Mama amekwisha kupata mkopo wake kwenye Muso. Amekwisha kuchagua sanduku la mashine, amepewa klavie na suri. Halafu muuzaji anamwuliza: «Mama, unataka ekra ya puse ngapi?» Hapo wengi wananyamaza kidogo, kisha wanachukua kile kikubwa kuliko vyote ambacho franga zao zinaweza kukifikia. Wengine wanachukua chochote wanachopewa, kwa sababu wanadhani kazi yote inafanywa na sanduku.

Sisi tunaona swali hilo linastahili kujibiwa kwa utulivu. Sanduku ukiliona linachelewa, unaweza kuliongezea memori baadaye. Kioo hakiongezeki. Ndicho mama atakachokikazia macho asubuhi mpaka jioni, na mkopo ule utarudishwa kwa kurasa zitakazochapwa mbele yake. Kikiwa kibaya kwa kazi hiyo, kichwa kitauma, kurasa zitapungua, na siku ya kurudisha itafika vilevile.

(Muuzaji atasema «puse», sisi hapa tutaandika inchi. Ni kipimo kimoja.)

Kwanza tujue namba hiyo inapima nini. Inchi 1 ni sentimita 2,54. Namba inayotajwa ni urefu wa mstari unaotoka kona ya chini upande mmoja mpaka kona ya juu upande wa pili, kwenye sehemu inayowaka tu, bila plastiki inayozunguka. Chukua mita yako ya kushonea, pima mstari huo, gawanya kwa 2,54. Ukipata sentimita 48 na kidogo, hicho ni kioo cha 19. Ukipata karibu 55, ni cha 21,5, ambacho wauzaji wengi wanakiita 22 bila haya. Kupima si kumtukana muuzaji. Kitambaa tunakipima mbele ya mwenye duka kila siku, naye hakasiriki.

Lakini mstari wa kona kwa kona unaficha jambo moja, na hapo ndipo franga nyingi zinapotea. Kila mshonaji analijua jambo hili: vipande viwili vya kitenge vinaweza kuwa na mstari wa kona kwa kona ulio sawa, kimoja kikatosha blauzi na kingine kikawa mkanda tu. Vioo navyo ni hivyo. Kuna vya zamani vinavyokaribia mraba, na kuna vipya vilivyonyooshwa kwa upana kama televisheni. Tulitembeza mita juu ya vioo vya wanachama, na vipimo ni hivi. Kioo cha 17 cha mraba kina upana wa sentimita 34 na urefu wa kwenda juu wa 27. Cha 19 cha mraba kina 38 kwa 30. Sasa tazama kile cha 18,5 cha upana, ambacho kimejaa sana sokoni kwa sababu ni cha bei ndogo: upana ni 41, lakini urefu wa kwenda juu ni 23 tu. Namba yake ni kubwa kuliko 17, lakini kwa kimo ni kifupi kwa sentimita 4. Hata cha 21,5 cha upana, chenye sentimita 48 kwa 27, kwa kimo ni sawa tu na kile cha 17 cha mraba ambacho watu wanakicheka. Ukitaka kioo cha upana chenye kimo cha 19 ya mraba, lazima upande mpaka 24, ambacho kina 53 kwa 30.

Kwa nini kimo? Kwa sababu karatasi ya A4 tunayochapa kila siku ina sentimita 21 kwa 29,7, nayo inasimama. Mama anayechapa TFC anataka kuuona ukurasa: kichwa cha habari juu, aya zake, na nota za chini ambazo profesa atazikagua kuliko kitu kingine. Kwenye kioo cha 18,5, ukitoa ule utepe wa amri ulio juu na mstari wa programu ulio chini, unabaki na kipande kifupi cha ukurasa, na siku nzima unapandisha na kushusha. Kwenye 19 ya mraba unaona sehemu kubwa ya ukurasa kwa herufi zinazosomeka vizuri. Ndiyo maana wachapaji wa zamani hapa mjini hawataki kuviachia vile vya mraba, hata kama vijana wanaviita vya wazee.

Upana nao una kazi yake. Kurasa mbili za A4 zikisimama bega kwa bega zinataka sentimita 42, na cha 21,5 kinazipokea bila kubana. Hiyo inamfaa anayenakili: karatasi iliyopigwa picha upande wa kushoto, ukurasa unaochapwa upande wa kuume. Inamfaa pia mweka hazina anayefanya hesabu za Muso kwenye jedwali lenye safu kumi na mbili za miezi, maana akiwa na kioo chembamba haoni jina la mama na malipo yake ya mwezi wa kumi na mbili kwa pamoja. Tumekwisha kuona mstari mmoja ukiruka katika hesabu za namna hiyo, na mama asiye na deni akaitwa mwenye deni mbele ya wenzake. Kwa hiyo kabla ya kutaja inchi, taja kazi. Anayechapa tu, kimo kwanza. Anayefanya hesabu au kunakili, upana kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashangaza wengi, na sisi wenyewe tulilipima mara mbili kabla ya kuliandika. Mama ambaye macho yameanza kuchoka anafikiri: nikinunua kioo kikubwa, herufi zitakuwa kubwa. Si lazima. Picha yote ya kioo imejengwa kwa vinukta vidogo, vinavyoitwa pikseli, na mashine inapopanga herufi inahesabu vinukta, haihesabu sentimita. Kioo cha 19 cha mraba kwa kawaida kina vinukta 1280 kwa upana na 1024 kwa kimo. Cha 21,5 cha kawaida kina 1920 kwa 1080. Vinukta vingi zaidi vimesukumwa katika nafasi isiyoongezeka sana: inchi moja ya 19 ina vinukta kama 86, inchi moja ya 21,5 ina kama 102. Matokeo yake, neno lilelile kwenye kioo «kikubwa» linatokea dogo, karibu sehemu moja kwa sita. Cha 24 chenye vinukta 1920 kwa 1080 kina 92 kwa inchi, ndiyo maana wengi wanakisikia kinapumzisha macho.

Dawa ipo na ni ya bure. Ndani ya mipangilio ya Windows kuna mahali pa kukuza maandishi yote mpaka asilimia 125, na ndani ya programu ya kuchapa kuna kukuza ukurasa. Mwombe kijana anayekuwekea mashine akuonyeshe vyote viwili kabla hajaondoka. Lakini asikufanyie kile ambacho mafundi wengine wanapenda kufanya, kupunguza idadi ya vinukta ili herufi zinenepe. Kioo bapa kimetengenezwa kwa idadi moja ya vinukta. Ukikilazimisha idadi nyingine, herufi zinakuwa na ukungu, na jicho linahangaika kuzisafisha siku nzima bila wewe kujua kwa nini umechoka.

Ukishaelewa vinukta, utajua pia jibu la swali la televisheni. Nyumba nyingi tayari zina televisheni ya 32, nayo ina tundu la HDMI, basi mume au mtoto anasema: kwa nini tununue kioo kingine? Swali ni la akili, franga si za kutupa. Lakini televisheni nyingi za 32 za bei ndogo zina vinukta 1366 kwa 768 tu, vimetawanywa kwenye upana wa sentimita 71. Hiyo ni kama vinukta 49 kwa inchi. Ukikaa kwa umbali wa kuchapa, utaona vinukta kabla ya kuona herufi, na shingo itageuka kushoto na kuume kama mtu anayetazama mpira. Televisheni nyingine zinakata pembezoni mwa picha, mpaka mstari wa chini wa mashine hauonekani. Kwa kuonyesha wamama kumi darasani namna ya kufungua faili, televisheni ni nzuri sana, na chumba chetu cha mafunzo kinaitumia hivyo. Kwa kuchapa kurasa arobaini kabla ya saa sita, hapana.

Kuhusu kile cha 27 kinachong'aa mbele ya butike, tuseme wazi. Kama kina vinukta 1920 kwa 1080, kinakuonyesha kitu kilekile ambacho cha 21,5 kinakuonyesha, bila mstari mmoja wa ziada, ila kila kitu kimenenepeshwa. Mama ambaye macho yake yamepungua sana anaweza kukihitaji kweli, hatumkatazi. Wengine wote wanalipa ukubwa wa sanduku la kartoni. Tofauti ya bei kati ya 27 na 22, hata ikiwa ndogo, ingefaa kuanza kulipia ondilere.

Maana hapa kwetu hatuwezi kuzungumza juu ya kioo bila kuzungumza juu ya umeme. Umeme wa Ruzizi tunaujua: unakuja, unapungua, unakatika katikati ya neno. Kioo nacho kinakula umeme huo, na nyuma yake kuna karatasi ndogo iliyobandikwa inayosema kinakula kiasi gani. Soma wati. Kama wati hazikuandikwa, zidisha volti na amperi za adaptateri: 12 V na 2 A ni wati 24, na hicho ndicho kiasi cha juu. Kwa jumla, vile vya zamani vyenye mgongo mrefu kama televisheni ya babu, hata vya 17 tu, vinaweza kula kati ya wati 70 na 100. Vioo bapa vya kwanza, vyenye taa za mirija ndani, vya 19, vinakula kama 30 mpaka 45. Vya LED vya 21,5 vinakula kama 20 mpaka 25. Kwa hiyo ukubwa peke yake haukuambii kitu. Umri wa kioo unaweza kukizidi ukubwa. Kile cha 22 cha LED kinakula kidogo kuliko cha 17 cha mgongo mrefu ambacho mjomba anakupa bure. Zawadi hiyo mshukuru mjomba, kisha hesabu.

Tuhesabu pamoja. Ondilere ndogo zinazouzwa sana zina ndani betri moja ya 12 V na 7 Ah. Zidisha: 84. Hiyo ni nguvu yote iliyomo, na betri haitoi yote, hasa ikivutwa kwa haraka. Sanduku la ofisi wakati wa kuchapa linakula kama wati 50. Ongeza kioo cha LED cha wati 22, jumla 72: ukiwa na betri mpya unaweza kupata karibu nusu saa, wakati wa kumaliza aya, kusevu, na hata kumwambia mteja arudi kesho. Ongeza badala yake kile cha mgongo mrefu cha wati 90, jumla 140: unapata wakati wa kusevu na kuzima, hakuna zaidi. Mwenye solari na betri kubwa ya 100 Ah anaona tofauti hiyo kwa saa. Betri hiyo ina 1200 kwa karatasi, lakini usiivute zaidi ya nusu kama hutaki kuiua, na sehemu nyingine inapotea katika kugeuza umeme. Ukibaki na kama 520, kioo cha LED na sanduku lake vinafanya kazi saa 7. Kile cha zamani, hata saa 4 hazifiki. Saa 3 za kuchapa kila siku, hizo ni kurasa ngapi? Kila mama anajua bei ya ukurasa wake.

Kwa ajili hiyo, mama anayeishi kwa betri siku nyingi tunamshauri achukue cha LED cha 21,5 hata kama anapenda mraba, isipokuwa akipata 19 ya mraba yenye taa za LED. Zipo, lakini tafuta. Na mama mwenye umeme wa kutosha anayechapa tu, na mkopo wake umebana, 19 ya mraba ya okazi ni mashine ya heshima. Kile cha 18,5 tungekiacha, isipokuwa kwa kaunta ya butike ambako kinaonyesha bei na jumla tu.

Kuna nyumba ambako kompyuta itafanya kazi mbili, ya mama mchana na ya watoto jioni. Hapo pia tunasimama kwenye 21,5 au 24 ya upana, kwa sababu mtoto mmoja akisoma, wawili wanasimama nyuma yake, hilo halizuiliki. Kabla ya kulipa, simama pembeni mwa kioo, kisha inama utazame kutoka chini. Kuna vioo ambavyo rangi zinageuka, uso wa mtu unakuwa mweusi kama negativu ya picha. Kuna vingine, ambavyo mara nyingi vimeandikwa IPS, vinavyobaki vilevile kila upande. Kwa mama anayechapa peke yake si kitu kikubwa. Kwa watoto watatu mbele ya zoezi moja, au kwa dada anayetengeneza picha za ndoa, ni kitu kikubwa.

Sasa meza. Wengi wanapima kioo, hawapimi meza. Macho yanataka umbali wa sentimita 50 mpaka 70, kama urefu wa mkono ulionyooshwa. Meza zetu nyingi za sekretariati zina kina cha 50, na mguu wa kioo unakula karibu 20 za nyuma. Ukiweka 24 juu ya meza ya namna hiyo, pua yako iko karibu sana nacho, na mabega yatakuambia. Sogeza meza itoke ukutani, au chukua kidogo. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini kidogo tu. Kikiwa chini sana, kiinue kwa vitabu vya zamani, si Biblia tafadhali. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako utaona sura yako na barabara yote ndani ya ekra, na likiwa mbele yako litakupofusha.

Wamama waliopita miaka 40 tuna la kwetu. Jicho la umri huo linaona karibu kwa shida, tunavaa miwani ya kusomea, na miwani hiyo kwa kawaida imepimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Kioo kiko mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo tunainamisha kichwa mbele, tunasogea, na jioni shingo inawaka moto. Wengi wamekwenda kununua kioo kikubwa zaidi kwa shida ambayo ilikuwa ya miwani. Unapokwenda kupimwa, pima kwanza kwa mita umbali kati ya jicho lako na kioo, mwambie mpimaji namba hiyo. Na kwa kila mtu, kijana au mzee: mbele ya kioo tunasahau kupepesa, jicho linakauka. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Watoto nao watolewe nje kucheza mchana; jicho la mtoto linakua vizuri zaidi likipata mwanga wa nje kila siku.

Tukifika butikeni, twende na vitu vitatu: mita, kifunguo cha USB na saa. Kwenye USB weka picha tatu za rangi moja tupu, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Kijana yeyote wa siber atakutengenezea. Vioo vya okazi vinavyotufikia vimetumika miaka katika maofisi ya ng'ambo, vingi ni vizuri, vingine vilitupwa kwa sababu. Kwenye nyeupe utaona kama kimegeuka manjano pembezoni, maana taa za mirija zinazeeka hivyo. Kwenye nyeusi utaona vinukta vinavyobaki kuwaka, na kwenye nyekundu vile vilivyokufa. Kinukta kimoja pembeni ni sababu ya kupunguza bei. Mstari mzima ni sababu ya kuondoka. Kisha kiache kinawaka nusu saa. Muuzaji atakuambia ana wateja wengine. Mwambie awahudumie, wewe utangoja. Vingi vyenye ugonjwa vinawaka vizuri vikiwa baridi, vikipata moto vinaanza kupepesa au kuzimika.

Angalia nyuma yake pia. Tundu la buluu la zamani linaitwa VGA, lina mashimo 15. HDMI ni lile la televisheni. DisplayPort linafanana na HDMI lakini kona yake moja tu imekatwa. Masanduku mengi ya okazi ya HP na Dell yana VGA na DisplayPort bila HDMI, na vioo vingine vipya vina HDMI bila VGA. Hapo unarudi nyumbani na vitu viwili vizima visivyozungumza, kisha unalipa adaptateri ambayo haikuwa katika hesabu ya mkopo. Na adaptateri kutoka VGA kwenda HDMI lazima iwe ile inayogeuza alama kweli, si waya tu. Kwa hiyo waunganishe wenyewe pale pale, na kebo iingie ndani ya bei. Kama kioo kina adaptateri yake ya nje ya umeme, usikubali «tutakutafutia». Volti zikikosewa, kioo kimekwenda.

Bei nayo uiombe imetengwa. Wauzaji wanapenda kutaja jumla: sanduku, kioo, klavie, suri. Uliza sanduku peke yake ni ngapi, kioo peke yake ni ngapi. Hapo utaona kama kile cha 24 kinakugharimu kidogo au kingi, na una haki ya kuchukua sanduku hapa na kioo kwa jirani. Zile mashine ambazo sanduku na kioo vimeunganishwa kuwa kitu kimoja ni nzuri kwa macho na hazina waya nyingi, lakini siku moja ikifa kimoja, mara nyingi umepoteza vyote; kwa mama mwenye mkopo hatuzipendekezi. Fakture iandikwe namba ya seri ya kioo na siku za garanti, hata kama ni siku saba. Fakture ya sanduku peke yake haitakusaidia kioo kikizimika.

Nyumbani, kile kitambaa kizuri cha kufuma tunachopenda kukitandika juu ya kila kitu kisubiri mpaka kioo kipoe. Matundu ya juu ndiyo pua zake. Kufuta ni kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, kioo kikiwa kimezimwa, bila sabuni ya unga na bila alkoholi.

Na kwa safari ya pikipiki kutoka Nyawera au Kadutu: omba kartoni. Kama haipo, toa mguu wa kioo, weka kipande cha kartoni ngumu juu ya uso wake, zungushia kitenge, kibebe kimesimama, kisilazwe, na uso wake usikandamizwe na mgongo wa dereva. Mvua ikikupata njiani, kikaushe nje, kiache kimesimama saa moja au mbili kabla ya kukichomeka, hata watoto wakilia.